Kupima glutathioni kwa mng'ao: mwongozo wa kuanzia na hamira ya dukani

Mwongozo huu nauandikia mwanafunzi wa kemia, biokemia au famasia hapa Dar es Salaam anayetaka kupima molekuli za mwilini zenye salfa kwa kutumia kemikali inayoanza kung'aa ikishakutana nazo. Nachukulia kwamba unapata spektrofluorimita (mashine ya kupima mng'ao) inayofanya kazi, spektrofotomita ya kawaida (ya kupima mwanga unaofyonzwa), mizani inayosoma sehemu ya kumi ya miligramu, sentrifuji ndogo na friza. Sampuli yetu ya kwanza haitakuwa damu. Itakuwa hamira, ile ya pakiti ya kuumulia maandazi, inayouzwa kila duka la mtaani kuanzia Mbagala hadi Tegeta.

Hamira nimeichagua kwa sababu. Mwanabiokemia Frederick Gowland Hopkins wa Cambridge alipotenga glutathioni, mojawapo ya molekuli hizo zenye salfa, mwaka 1921, mojawapo ya malighafi zake ilikuwa hamira. Chembe zake zimejaa glutathioni, kwa kawaida kati ya asilimia 0.1 na 1 ya uzito mkavu. Waokaji wanaijua athari yake hata kama hawajui jina: hamira iliyokaa sana ina chembe nyingi zilizokufa, chembe hizo huvujisha glutathioni, nayo hukata viungo vya salfa vinavyoshikanisha gluteni, unga ukalegea na kunata mikononi. Kwa hiyo unaanza na kitu cha bei nafuu, kisichohitaji kibali cha maadili, na ambacho hakika kina unachokitafuta.

Jambo moja nataka ulishike kabla hatujagusa pipeti. Kupata mng'ao ni rahisi. Kazi yenyewe ni kuonyesha kwamba mng'ao huo umetoka kwenye salfa na si kwenye kitu kingine ndani ya kichupa. Sehemu ya NEM huko chini, yaani kemikali inayoizuia salfa isiwashe mng'ao, ndiyo moyo wa mwongozo huu, na ukiiruka, namba zote utakazopata hazitakuwa na thamani.

Unachokipima

Molekuli tunazozisaka zina kikundi cha SH, yaani atomu ya salfa iliyobeba haidrojeni. Kemia huziita thioli. Tatu ndizo zinazotajwa zaidi: sisteini, ambayo ni asidi amino ya kawaida kwenye chakula, homosisteini, inayotokana na methionini, na glutathioni, iliyojengwa kwa asidi amino tatu, yaani glutamati, sisteini na glisini. Ndani ya chembe hai glutathioni ndiyo nyingi kuliko zote, kati ya milimola 1 na 10 kwa lita. Kwenye plazma ya damu hushuka hadi mikromola chache tu. Tofauti hiyo ya karibu mara elfu itatusumbua tutakapofika kwenye damu.

Kwa nchi yetu hizi si molekuli za vitabuni. Mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana kwenye maeneo yenye malaria ya muda mrefu kama pwani yetu, hushindwa kurudisha glutathioni ya chembe nyekundu katika hali yake ya kufanya kazi, na ndiyo maana primakwini, dawa ya malaria, inaweza kupasua chembe hizo. Anayemeza paracetamol kupita kiasi huumia ini kwa sababu glutathioni ya ini imekwisha, na dawa anayopewa, asetilisisteini, inamrudishia malighafi ya kuitengeneza. Kisha kuna muhogo mchungu. Mwili hugeuza sayanidi kuwa thiosayanati kwa kutumia salfa inayotokana na sisteini na methionini. Mlipuko wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, uliochunguzwa Tarime miaka ya 1980 uliwapata watu waliokula muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha huku chakula chao kikiwa na protini kidogo, maana yake salfa kidogo. Anayejua kupima thioli vizuri ana mchango kwenye maswali haya yote.

Kuchagua kihisi

Vihisi vya thioli, yaani kemikali zinazong'aa zikikutana nazo, vilivyochapishwa ni vingi mno, na kila mwaka huongezeka. Karibu vyote vinafuata wazo moja: molekuli ya rangi ambayo mng'ao wake umezimwa na kikundi fulani, thioli inapoingia inakiondoa au inakibadilisha kikundi hicho, na mng'ao unarudi. Wengine hutumia maleimidi iliyoshikamana na kumarini. Wengine huifunga fluoresini kwa dinitrobenzenisulfonili, ambayo thioli huing'oa. Wengine hutumia akrilati.

Kwa anayeanza, usitengeneze kihisi chako mwenyewe. Nunua kinachojulikana. Ushauri wangu ni monobromobimani. Kina atomu ya bromini inayozima mng'ao. Salfa ya thioli huifukuza bromini na kukaa mahali pake, na kinachobaki hung'aa bluu ya kijani. Huamshwa kwa mwanga wa karibu nanomita 390 na hutoa mwanga karibu na nanomita 480. Faida yake kubwa ni kwamba kiungo kinachotokea hakivunjiki kirahisi, kwa hiyo ukishamaliza mmenyuko unaweza kusoma kwa utulivu. Kasoro yake ni kwamba hakibagui: sisteini, homosisteini na glutathioni zote hukiwasha. Kasoro hii tutairudia.

Pamoja nacho nunua kemikali ya Ellman, DTNB. Hii haing'ai, inageuka njano. Ilitangazwa mwaka 1959 na mpaka leo ndiyo hakimu wa bei nafuu wa kujua standadi yako, yaani myeyusho wa kulinganishia, ina thioli kiasi gani kweli.

Kabla ya kuagiza

Kemikali zinazoingia nchini zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali ya mwaka 2003. Anza makaratasi mapema na uhakikishe mwagizaji wako amesajiliwa. Waulize pia, kwa maandishi, mzigo utahifadhiwa wapi kati ya kufika uwanja wa ndege na kufika kwako. Kihisi kinachoharibiwa na joto na mwanga hakipaswi kukaa wikiendi nzima kwenye ghala lisilo na ubaridi.

Orodha ni fupi: monobromobimani, DTNB, glutathioni iliyo katika hali ya SH (soma lebo vizuri, kwa sababu inauzwa pia iliyooksidishwa, na hiyo haitakufaa kuwa standadi), N-etilimaleimidi ambayo kuanzia hapa nitaiita NEM, HEPES, EDTA, asetonitrili safi, asidi hidrokloriki na hidroksidi ya sodiamu. Maji yawe yasiyo na ioni. Maji ya bomba hayafai hata kwa kusuuzia mara ya mwisho: chembechembe za shaba na chuma huharakisha kuoksidika kwa thioli.

Na hili ni la hapa kwetu hasa, kwa sababu ya unyevu wa hewa: kichupa kikitoka friza, kiache kifikie joto la chumba kikiwa kimefungwa ndipo ukifungue. Ukikifungua kikiwa baridi, mvuke wa hewa ya Dar utaganda ndani ya unga wako, na NEM au kihisi kitaanza kuoza hata kabla ya jaribio la kwanza.

Myeyusho

Bafa, yaani myeyusho unaoshikilia pH isibadilike. Pima gramu 11.9 za HEPES na gramu 0.186 za EDTA yenye sodiamu mbili, yeyusha kwenye mililita 400 hivi za maji, rekebisha pH hadi 8.0 kwa hidroksidi ya sodiamu, kisha jaza hadi mililita 500. Unapata HEPES milimola 100 na EDTA milimola 1. EDTA ipo ili kushika madini yanayooksidisha thioli.

Wengi watakuuliza kwa nini si Trisi, ambayo kila maabara inayo. Kwa sababu pH ya Trisi hushuka kwa takribani 0.028 kila joto linapopanda digrii moja. Ukiitengeneza kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, kwenye digrii 23, kisha umeme ukakatika na chumba kikafika 31, pH imeshuka kwa zaidi ya 0.2 bila wewe kugusa kitu. HEPES hushuka kwa nusu ya hapo tu. Na pH hapa ina uzito mkubwa, kwa kuwa kinachoshambulia kihisi ni ile salfa iliyokwisha kupoteza haidrojeni yake. Glutathioni ina pKa (pH ambapo nusu ya SH zimepoteza haidrojeni) ya karibu 8.8. Kwenye pH 8.0 karibu asilimia 14 ya salfa zake ziko tayari. Kwenye pH 7.0 ni asilimia 1.6 tu. Mmenyuko uliokusudia uishe ndani ya nusu saa utaburuta kwa saa kadhaa.

Kihisi. Uzito wa molekuli ya monobromobimani ni 271.1. Usihangaike kupima miligramu 2.71 kamili. Pima kinachokuja, tuseme miligramu 5.4, kisha piga hesabu ya asetonitrili: 5.4 gawanya kwa 271.1 ni mikromoli 19.9, hivyo mililita 1.99 zinakupa milimola 10. Gawanya kwenye vichupa vidogo vya kahawia, vifunge kwa karatasi ya aluminiamu, viweke kwenye friza. Chukua kimoja kwa kila siku ya kazi, wala usikirudishe. Asetonitrili inawaka moto na ni sumu, na glovu za kawaida za nitrili haziizuii kwa muda mrefu. Ikikumwagikia, zibadilishe papo hapo.

Standadi ya glutathioni hutengenezwa asubuhi ya siku yenyewe. Miligramu 30.7 kwenye mililita 10 za asidi hidrokloriki ya milimola 10 yenye EDTA milimola 1, na kichupa kikae kwenye barafu. Hiyo ni milimola 10 kwa karatasi. Sasa ihakikishe kwa DTNB: zimua kwenye bafa hadi mikromola 50 zinazotarajiwa, ongeza DTNB iwe nyingi mara kadhaa kuliko thioli, subiri dakika tano, soma ufyonzaji kwenye nanomita 412, kisha toa ule wa kichupa chenye bafa na DTNB peke yake. Kila molari moja ya thioli inatoa 14,150 kwa sentimita moja, kwa hiyo mikromola 50 zingesoma 0.71. Ukipata 0.60, una mikromola 42.4. Standadi yako ni asilimia 85 ya ulichoandika kwenye lebo, na namba hiyo ya kweli ndiyo utakayoitumia kwenye mchoro wako. Hatua hii inachukua robo saa, na inaokoa mwezi mzima wa data.

NEM hutengenezwa dakika za mwisho, kwa sababu majini huoza polepole, hasa pH ikiwa juu. Miligramu 12.5 kwenye mililita 1 ya ethanoli ni milimola 100. Inaunguza ngozi na mvuke wake unauma macho. Ipime ndani ya kabati la hewa.

Hamira

Pima miligramu 100 za hamira kavu. Iweke kwenye mililita 10 za asidi hidrokloriki milimola 10 yenye EDTA, iliyokwisha kupashwa hadi digrii 90. Itikise kwa dakika tano, kisha iingize kwenye barafu mara moja. Joto hufungua chembe na kuua vimeng'enya. Asidi huilinda SH isioksidike. Zungusha kwenye sentrifuji kwa dakika kumi kwa kasi kubwa, na uchukue maji ya juu yaliyo safi. Mashapo yakipanda, zungusha tena. Ukungu hutawanya mwanga, na mwanga uliotawanyika kwenye fluorimita hufanana na ishara.

Kisha zimua mara 20 kwenye bafa, yaani mikrolita 50 kwenye mikrolita 950, na upime pH ya mchanganyiko kwa karatasi. Iwe 8.

Mmenyuko

Panga vichupa vyako vya kahawia kwa safu tatu. Safu ya kwanza ni standadi: 0, 1, 2, 5, 10 na 20 mikromola za glutathioni kwenye bafa, mikrolita 100 kila kimoja, viwili viwili. Safu ya pili ni sampuli ya hamira iliyozimuliwa, mikrolita 100, vichupa vitatu. Safu ya tatu ni sampuli ileile iliyotiwa NEM: ongeza mikrolita 5 za NEM kwenye mikrolita 100 za sampuli, acha dakika kumi. Kwenye safu mbili za kwanza ongeza mikrolita 5 za ethanoli tupu, ili vichupa vyote vifanane kwa kila kitu isipokuwa NEM.

Sasa punguza taa, na mapazia yafungwe. Ongeza mikrolita 2 za monobromobimani kwa kila kichupa, ukienda kwa mpangilio uleule na kwa nafasi ya sekunde zilezile. Kihisi kinakuwa karibu milimola 0.2, mara kumi ya standadi kubwa kuliko zote, kwa hiyo hakiwezi kuisha kabla ya thioli. Funika, weka gizani dakika 30.

Mwisho ongeza mililita 1.9 za asidi hidrokloriki ya milimola 20 kwa kila kichupa. Hapa kuna kazi mbili kwa pigo moja: asidi inasimamisha mmenyuko, na kuzimua kunapunguza kihisi ambacho hakijatumika. Hilo la pili watu hulisahau. Kihisi ambacho hakijamenyuka hakingʼai, lakini kinafyonza mwanga wa nanomita 390 vilevile. Kikiwa kingi, kinakula mwanga wa kuamshia kabla haujafika katikati ya kyuveti (kichupa cha kusomea kwenye mashine), na mstari wako wa standadi unapinda bila sababu inayoonekana. Kanuni ya kufuata: ufyonzaji wa kyuveti kwenye urefu wa wimbi wa kuamshia uwe chini ya 0.1. Upime kwenye spektrofotomita, usiukadirie.

Ukitaka kuonyesha darasa kwa macho kabla ya kupima, changanya glutathioni milimola 1 na kihisi milimola 2 kwenye bafa, subiri dakika chache gizani, kisha mulika kwa tochi ya kukagulia noti kama zile wanazouza Kariakoo. Nyingi hutoa mwanga wa karibu nanomita 395, unaofaa kabisa. Weka pembeni kichupa kingine chenye NEM. Mwanafunzi akiona kimoja kinang'aa na kingine kimekaa giza, ameelewa somo lote. Asiitazame tochi moja kwa moja.

Kusoma

Washa fluorimita nusu saa kabla, taa ya zenoni itulie. Amsha kwenye 390, soma kutoka 420 hadi 600, kwa sababu umbo la mng'ao ni taarifa pia. Bimani iliyoshika thioli ina kilima kimoja kipana karibu na 480. Ukiona kilele chembamba kinachohama kila unapobadilisha urefu wa wimbi wa kuamshia, huo ni mwanga uliotawanywa na maji, si mng'ao.

Mng'ao hupungua joto likipanda. Kama mashine ina kishikio chenye maji ya kuzunguka, kiweke digrii 25. Kama haina, soma sampuli na standadi ndani ya muda mmoja, na usome standadi ya kati kila baada ya sampuli sita hivi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hata kama jenereta imewaka baada ya dakika mbili, acha taa itulie upya na urudie standadi zote. Usiunganishe nusu ya asubuhi na nusu ya baada ya umeme kurudi kwenye mchoro mmoja. Vichupa vyenyewe havina shida. Vikiwa kwenye asidi na gizani vinasubiri.

NEM

Sasa linganisha safu ya pili na ya tatu. NEM hushika SH zote kabla kihisi hakijafika. Kwa hiyo mng'ao wowote unaobaki kwenye safu ya tatu haukutoka kwenye thioli. Unaweza kuwa wa vitamini B2, ambayo hamira inayo kwa wingi na inang'aa yenyewe kijani cha manjano. Unaweza kuwa wa kihisi kilichoanza kuoza. Unaweza kuwa ukungu.

Ishara ya thioli ni safu ya pili ukitoa safu ya tatu. Si safu ya pili ukitoa maji.

Kwa maoni yangu, jedwali lisilo na safu ya NEM lisipokelewe na msimamizi yeyote. Najua vifaa ni ghali na kihisi ni kidogo. Punguza idadi ya sampuli basi, lakini NEM ibaki. Nimeona mabango kwenye mikutano yenye safu nzuri sana za mng'ao wa juisi za mimea, kila mmea umetajwa kuwa na thioli nyingi, na hakuna hata kichupa kimoja kilichozuiwa. Majani ya kijani yana klorofili na fenoli zinazong'aa zenyewe au zinazofyonza mwanga. Bila kizuizi hujui umepima nini, na mgonjwa au mkulima atakayeamini namba ile ndiye atakayelipa.

Kuna jaribio la pili la kuambatana nalo. Chukua sampuli, ongeza glutathioni ya mikromola 5, pima upya. Tuseme sampuli ilisoma 8.0 na baada ya kuongeza ikasoma 12.2. Umerudishiwa 4.2 kati ya 5, yaani asilimia 84. Kuna kitu kwenye sampuli kinakula thioli au kinafyonza mwanga, na lazima uzimue zaidi au useme wazi. Jaribu hili kwa juisi ya kitunguu saumu kibichi kilichopondwa na utaona namba ikiporomoka: alisini ya kitunguu saumu hushambulia SH moja kwa moja. Hilo lenyewe ni jaribio zuri la mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

Hesabu

Chora standadi kwa ukolezi wa kweli ulioupata kwa DTNB. Mstari ukipinda juu ya mikromola 10, tumia sehemu iliyonyooka tu. Kikomo cha chini cha kipimo ni mara tatu ya mtawanyiko wa vichupa vitupu gawanya kwa mwinuko wa mstari. Vichupa vitupu viwe kumi, siyo viwili. Kama mtawanyiko ni 4 na mwinuko ni 120 kwa mikromola, kikomo ni mikromola 0.1.

Tuseme hamira, baada ya kutoa safu ya NEM, imesoma mikromola 7.5. Zidisha kwa 20 upate 150 kwenye myeyusho wa kwanza. Mililita 10 zina mikromoli 1.5, ambazo zikizidishwa kwa 307.3 ni mikrogramu 461. Ndani ya miligramu 100 za hamira hiyo ni asilimia 0.46. Iandike hivi: thioli huru, zikihesabiwa kama glutathioni. Usiandike "glutathioni" peke yake, kwa sababu kihisi hakikukuambia hivyo.

Glutathioni iliyooksidishwa haionekani kabisa kwenye kipimo hiki. Ukitaka jumla, lazima kwanza uirudishe kwenye SH. Usitumie DTT, ambayo yenyewe ni thioli na itang'aa kuliko sampuli. TCEP si thioli, lakini inaweza kushambulia baadhi ya vihisi, kwa hiyo weka kichupa chenye TCEP na kihisi bila sampuli, uone kinasoma nini.

Kutofautisha moja na nyingine

Njia ya uhakika ni kutenganisha kwanza kwa HPLC, mashine inayotenganisha molekuli za myeyusho zikipita kwenye bomba lililojazwa chembechembe, kisha kusoma mng'ao wa kila moja inapotoka. Ndivyo monobromobimani inavyotumika kwenye maabara nyingi, na kama idara yako ina HPLC yenye kigunduzi cha fluoresensi, nenda huko.

Bila HPLC kuna kemia nzuri ya kutumia. Kihisi kinachoitwa NBD-kloridi hushika salfa kwanza, na kikiwa kimeshika salfa mng'ao wake ni hafifu. Kwenye sisteini na homosisteini, kikundi cha amino kiko karibu kiasi cha kuinyang'anya salfa nafasi yake, kwa kupitia duara la atomu tano au sita, na kihisi kikishahamia kwenye naitrojeni kinang'aa kijani kwa nguvu karibu na nanomita 540. Kwenye glutathioni kikundi cha amino kiko mbali mno, hakifiki. Molekuli zenye salfa ileile zinatofautishwa na umbali. Kumbuka tu kwamba NBD-kloridi hushika pia amini za kawaida pH ikiwa juu na muda ukiwa mrefu, hivyo safu ya NEM inahitajika hapa pia.

Ukikutana na kihisi kipya kinachodai kupima sisteini peke yake, angalia kama kimejengwa kwa esta (kiungo cha asidi na alkoholi). Plazma na ini zimejaa vimeng'enya vinavyokata esta bila kuhitaji salfa yoyote. Kwenye bafa kitafanya kazi vizuri. Kwenye sampuli hai kitang'aa kwa kila kitu.

Kuhusu sulfidi ya haidrojeni nitakuwa mkali. Monobromobimani hupima hiyo pia, kwa kuwa salfa moja ya sulfidi hushika bimani mbili. Lakini pKa yake ni karibu 7.0, na ukitia asidi kwenye myeyusho wa sulfidi unatoa gesi yenye sumu. Utaratibu wa hapo juu unaishia kwa asidi. Usiutumie kwa standadi ya sulfidi ya sodiamu nje ya kabati la hewa, wala usitegemee pua ikulinde: gesi ikizidi, pua huacha kuinusa.

Ukifika kwenye damu

Kibali cha maadili kwanza, cha taasisi yako na cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, inapohitajika. Kisha muda. Plazma ina thioli huru kidogo, chembe nyekundu zina mamia ya mara zaidi, kwa hiyo tone la damu iliyopasuka linaharibu kipimo cha plazma. Plazma yoyote yenye wekundu itupwe. Homosisteini nayo hupanda kwa karibu asilimia 10 kila saa damu ikikaa bila kutenganishwa kwenye joto la chumba, kwa sababu chembe zinaendelea kuitengeneza. Kama sampuli inatoka kliniki ya Temeke na maabara iko Mlimani, foleni pekee inaweza kubadilisha jibu. Peleka sentrifuji kliniki, tenganisha hapo hapo, tia plazma kwenye asidi, safirisha kwenye barafu. Kwa damu nzima, hemoglobini inafyonza sana karibu na nanomita 415, katikati ya mwanga wako wa kuamshia na ule unaousoma. Ondoa protini kwa asidi kabla ya chochote.

Taka

Asetonitrili na kihisi kilichobaki viende kwenye chupa ya taka za viyeyusho, kamwe si kwenye sinki. NEM iliyobaki imalizwe kwanza kwa kuitia sisteini ya ziada ya bei nafuu, iachwe usiku kucha, ndipo iwekwe kwenye chupa ya taka. Kyuveti zisuuzwe kwa ethanoli, kisha maji yasiyo na ioni mara kadhaa, na uzisome zikiwa na maji matupu kabla ya kuzirudisha kabatini. Ikionekana hata alama ndogo kwenye 480, suuza tena, kwa sababu mtu wa kesho atakayezitumia hajui wewe ulipima nini.